Shajara ya mradi: sola mwaloni, zahanati na nyumbani, kisiwani Ukerewe

Mei, masika yanaishia

Vifaa vimefika salama. Paneli sita za wati 330 zilivuka kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio, kisha zikapakiwa kwenye boti ya mbao hadi mwaloni kwetu, yaani ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, zimesimamishwa wima katikati ya magodoro. Hakuna kioo kilichopasuka. Vijana walizipokea wakiwa ndani ya maji hadi kiunoni na hawakukubali hata moja iguse mchanga.

Kwa anayeanza kusoma hapa: kijiji chetu kiko kwenye kisiwa kidogo wilayani Ukerewe. Nguzo za umeme hazijafika. Watu wanaishi kwa dagaa, muhogo na viazi vitamu. Mradi ni wa kijiji chenyewe. Kamati iliyochaguliwa na mkutano wa hadhara inashika fedha na vitabu, sisi mafundi tunashika spana. Kazi ni tatu: kituo cha kuchajia taa za wavuvi, umeme wa zahanati, na sola za nyumbani kwa kaya zinazolipa kidogo kidogo.

Kwenye mkutano mzee mmoja aliuliza kwa nini tunaanza na wavuvi wakati nyumba zote ziko gizani. Swali lake lilistahili jibu kamili. Mvuvi wa dagaa anatumia mwanga kama nyenzo ya kazi, na kila usiku anaulipia. Karabai moja inakunywa zaidi ya lita moja ya mafuta ya taa mpaka alfajiri, na mtumbwi mmoja unabeba karabai kadhaa. Fedha hiyo tayari inatoka mfukoni mwa watu na kuondoka kisiwani. Tukiigeuza ikalipia kuchaji taa, inabaki hapa, na ndiyo itakayonunua betri mpya za zahanati miaka inayokuja. Sola nyingi za vijijini ambazo nimeziona zimekufa zilikufa kwa sababu siku betri ilipochoka hakukuwa na mfuko wa kununua nyingine wala fundi wa karibu wa kuifunga.

Mei, mwishoni: hesabu ya kituo

Naiandika hesabu yote, maana wajumbe wa kamati wanataka kuielewa, nao ndio watakaoisimamia.

Taa moja ya LED ya kuvulia ina wati 10. Ikiwaka saa 10 inatumia wati-saa 100. Taa 60 ni wati-saa 6,000, yaani uniti sita kwa lugha ya luku. Paneli sita za wati 330 zinatoa wati 1,980. Kisiwani jua lenye nguvu tunalihesabia saa tano kwa siku, kisha tunakata karibu theluthi kwa ajili ya joto, vumbi, waya na hasara za kuchaji. Tunabaki na uniti 6.9 hivi. Inatosha, na kuna akiba kidogo.

Siku za mawingu mazito, saa za jua zikishuka hadi tatu na nusu, tunapata chini ya uniti tano. Hapo taa zinazojaa ni 48. Kamati imeamua mapema kwamba siku hizo kila mtumbwi utapunguziwa taa moja, pasiwepo mtumbwi unaopewa zote na mwingine unaoambulia patupu. Nimefurahi kwamba uamuzi umefanyika kabla ya ugomvi.

Jambo lililotupunguzia gharama sana ni ratiba ya wavuvi wenyewe. Mitumbwi inarudi alfajiri, taa zinafika kituoni kabla ya saa tatu asubuhi, zinajaa kufikia saa tisa alasiri, jioni zinachukuliwa. Umeme unatoka kwenye paneli na kuingia moja kwa moja kwenye betri ndogo iliyo ndani ya kila taa. Kituo hakihitaji betri kubwa za kuhifadhia, na kwa kawaida hizo ndizo zinazokula fedha nyingi katika mradi wa namna hii.

Juni, giza la kwanza

Dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikitanda, mwanga wa taa haushindi mwanga wa anga, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo kalenda ya kituo chetu ni ya mwezi.

Taa zimetoka kwa mara ya kwanza. Nilikaa mwaloni alfajiri kuwasikiliza wavuvi wakishusha mzigo. Malalamiko yalikuwa mawili. La kwanza, mwanga mweupe unatawanyika, wao wamezoea karabai inayomwaga mwanga chini. Tumefunga kofia ya bati juu ya kila taa, mwanga unakwenda majini. La pili lilihusu chelezo, kile kinachoelea majini kikibeba taa: karabai ni nzito na hukituliza, taa hizi ni nyepesi, mawimbi yanacheza nazo. Mvuvi mmoja alitatua mwenyewe kwa kufunga jiwe chini ya chelezo, na usiku uliofuata wenzake wote walikuwa wamefunga mawe.

Waliyosifu: hakuna kupampu usiku, hakuna kioo kinachopasuka kikipigwa na maji, hakuna mafuta yanayomwagikia samaki. Kijana mmoja alinionyesha mkono wenye kovu la karabai iliyolipuka. Faida ya namna hiyo haimo kwenye hesabu za wati, na mimi naiweka mbele ya nyingi.

Wazo hili lina mtangulizi ziwani humu humu. Mbita, upande wa Kenya, kituo cha kuazimisha taa za kuchajiwa kwa jua kwa wavuvi wa omena, ndiyo dagaa wetu, kilifunguliwa mwaka 2008. Tofauti ya leo ni bei. Kati ya 2010 na 2020 paneli zilishuka bei kwa karibu asilimia 90 duniani, na LED na betri za lithiamu zikawa bora na nafuu pia. Kile ambacho wakati ule kilihitaji kampuni kubwa kutoka nje, sasa kijiji kinakimudu kikijipanga.

Juni: radi

Ziwa Victoria lina radi nyingi, hasa usiku. Kuchimbia fimbo ya shaba ya athi, inayopeleka umeme wa radi ardhini, kumetutesa, kwani kisiwa ni mwamba. Ukienda chini kidogo unagonga jiwe. Tuliishia kulaza waya mtupu wa shaba kwenye mtaro mrefu kuelekea kwenye udongo wenye unyevu karibu na ziwa, tukaunganisha fremu zote za paneli, na kufunga vizuia-radi pande zote mbili za chaji kontrola, kifaa kinachosimamia kuchaji. Atakayefuata njia yetu asiruke hatua hii eti kwa kuwa paa ni fupi.

Julai, mbalamwezi: maji

Wavuvi wamepumzika, taa zimejaa na zimekaa kabatini, na paneli zinaendelea kutoa karibu uniti saba kwa siku zisizo na kazi. Tangu mwanzo tulijua siku hizi zitakuja. Swali lilikuwa umeme huo ufanye nini.

Mapendekezo mawili yalipambana kwenye kamati. Wenye mitumbwi walitaka friza la barafu kwa ajili ya sato. Akina mama wanaoanika dagaa walitaka maji. Mama mmoja alisimama akaeleza bila kupaza sauti: tunachota pale pale watoto wanapooga, na kila mwaka shule inagawa dawa ya kichocho, mtoto anameza, anarudi majini, anaumwa tena. Ukumbi ukanyamaza. Maji yakashinda.

Kwa wasioishi kando ya ziwa, naeleza. Vimelea vya kichocho hutoka kwenye konokono wadogo wa kwenye majani ya ufukweni, huogelea, na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliye majini. Nje ya konokono na nje ya mwili wa mtu hawaishi zaidi ya siku moja au mbili. Maji yakivutwa yakakaa kwenye tangi lililofunikwa kwa saa 48 bila konokono kuingia, yanafaa kuoga na kufua. Hii ndiyo sababu tumeweka matangi mawili ya lita 10,000: moja linatumika, jingine limejaa na limefungwa likisubiri saa zake zitimie. Bomba la kuvutia tumelisogeza mbali na majani, kwenye kina, na mdomoni lina chujio. Kila tangi lina kibao cha saa na tarehe ya kujaa, na funguo za koki ziko kwa mama mmoja wa kamati ambaye hana mchezo.

Maji ya kunywa bado yanachemshwa. Wavuvi na waosha nyavu bado wanaingia ziwani, kwa hiyo dawa ya kichocho, praziquantel, inaendelea kama kawaida. Ila mtoto anayekwenda shule akiwa ameoga maji ya tangi hajapita penye konokono asubuhi hiyo, na hilo ni jambo kubwa.

Hesabu yake ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Kutoka ziwani hadi tangini ni mita 30 kwenda juu. Kupandisha lita 1,000 kunahitaji uniti 0.08 tu kwa kanuni za fizikia. Ukiweka hasara za pampu na mabomba, iwe 0.2. Tangi zima la lita 10,000 linajazwa kwa uniti mbili. Theluthi moja ya umeme wa taa inatoa ndoo 500 za lita 20. Nimewaonyesha hesabu hiyo wanafunzi wa darasa la saba, wakairudia wenyewe ubaoni mpaka mwalimu akaomba nimwachie daftari.

Julai, mwishoni: zahanati

Mfumo wa zahanati unajitegemea, haushiriki waya na kituo cha mwaloni. Hilo nilisimamia kwa nguvu. Zahanati isipunguziwe umeme hata siku moja kwa sababu ya biashara.

Kuna vitu viwili. Jokofu la chanjo ni la aina isiyo na betri: paneli zake zinagandisha barafu iliyozunguka sanduku la ndani mchana, na barafu hiyo inatunza chanjo kati ya nyuzi 2 na 8 usiku kucha na hata siku za mawingu. Limeondoa kitu kinachochoka haraka kuliko vyote, ambacho ni betri. Kabla ya hapo chanjo zilikuja na kisanduku cha barafu siku ya kliniki, na zilizobaki zilirudi. Mama aliyechelewa boti alimrudisha mtoto bila sindano.

Kitu cha pili ni taa za chumba cha kujifungulia, pamoja na soketi ya vifaa vidogo. Muuguzi alikuwa akizalisha kwa tochi ya simu iliyoshikwa na ndugu wa mgonjwa, na anasema ndugu wengine walizimia wakaangusha simu. Usiku tuliowasha, alizunguka chumba chote akifungua kabati moja baada ya jingine, akisoma maandishi ya chupa za dawa kwa sauti. Kisha akaniuliza kama taa ya nje ya mlango nayo inaweza kuwaka mpaka asubuhi, ili anayekuja na mjamzito ajue njia. Inaweza. Ina wati 5.

Agosti: nyumbani

Kaya zimeanza kuleta majina. Sola ya kawaida tunayoifunga ni hii: taa nne za wati 5 kwa saa tano jioni, simu mbili, redio. Jumla ni wati-saa 150 kwa siku. Paneli ya wati 50 inatoa 175 siku ya kawaida, na betri ya lithiamu ya volti 12, saa-ampea 20, inabeba mzigo huo na kubakiwa na zaidi ya theluthi. Anayetaka runinga ndogo ya wati 25 kwa saa nne aongeze wati-saa 100, kwa hiyo paneli iwe ya wati 80, na betri nayo iwe kubwa zaidi. Fundi na mwenye nyumba wanakaa pamoja na karatasi kabla ya kununua chochote. Mtu akijua hesabu yake mwenyewe hamlaumu fundi kwa runinga kuzimika saa sita usiku.

Nyumba nyingi zilikuwa na sola tayari, zimekufa. Nilipita na maltimita, chombo cha kupimia umeme. Moja ilikuwa paneli yenye kibandiko cha wati 100, iliyonunuliwa kwa mtembezaji aliyepita na boti. Paneli ya kweli ya wati 100 hutoa karibu ampea 6 ikipimwa saa sita mchana kwa kugusanisha nyaya zake mbili. Hiyo ilitoa 2 na kitu. Mwenyewe alikuwa ameuza mbuzi kuinunua.

Sasa tunafundisha kila mtu kipimo kisichohitaji chombo cha umeme: futi kamba. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri inatoa kama wati 200. Paneli ya sentimita 60 kwa 50 ni mita za mraba 0.3, haiwezi kuzidi sana wati 60 kibandiko kiseme kitakavyosema. Akina mama sokoni wameipenda hiyo kuliko somo jingine lolote, na mtembezaji wa majuzi aliondoka na mzigo wake mzima baada ya kupimiwa.

Nyumba chache zina sola za kulipia kwa simu siku kwa siku. Mfumo huo umefanya kazi kubwa Afrika Mashariki. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, M-KOPA ikaanza kuuza sola kwa malipo madogo madogo mwaka 2012, na mamilioni ya nyumba zilipata taa ambazo zisingepata kwa kulipa kwa mkupuo. Nauheshimu mfumo huo. Shida ya hapa kisiwani ni umbali: swichi ikiharibika, duka la huduma liko ng'ambo ya maji, na nauli ya kwenda na kurudi inazidi bei ya swichi. Pengo hilo ndilo tunaloliziba. Tunalipwa kidogo kidogo pia, lakini fundi anakaa mtaa wa pili.

Mabadiliko ninayoyaona nyumbani ni madogo ukiyachukua moja moja. Vibatari vimetoka, na dari zilizokuwa nyeusi kwa moshi zinapakwa chokaa. Mwenye kuuza maandazi anaanza kukanda saa kumi alfajiri bila kuwasha koroboi karibu na unga. Kinyozi amefungua kibanda. Watoto wanasoma, ndiyo, ingawa kwa nilivyoona mtoto anayesoma usiku ni yule ambaye mzazi wake amekaa chini ya taa hiyo hiyo akifanya kazi yake.

Septemba: mafundi wa hapa

Hii ndiyo sehemu ya mradi ninayoijali kuliko zote. Vijana wanne na akina mama watatu wamemaliza mafunzo ya kufunga, kupima na kutengeneza. Tulipotangaza nafasi, baadhi walishangaa kuona akina mama wameandikishwa, mmoja wao akiwa bibi mwenye wajukuu. Niliwaambia habari za Kinyasini, Unguja, ambako akina mama wa vijijini, wengi wao wakiwa hawakusoma sana, wanafundishwa kuwa mafundi sola na kurudi vijijini mwao kuhudumia majirani. Kijana akipata ufundi mara nyingi anaufuata mjini. Mama mwenye shamba na nyumba hapa anabaki nao. Siwalaumu vijana, napanga mradi kwa kujua hilo.

Somo lililochukua muda mrefu ni unene wa waya. Kwenye volti 12, ampea 5 zikisafiri mita 10 kwenye waya wa milimita za mraba 2.5, zinapotea karibu volti 0.7. Kwenye waya wa 6 zinapotea 0.3. Mwenye nyumba haoni volti, anaona taa ya jikoni imefifia na kudhani betri mbovu. Sasa mafundi hawa hawabadilishi betri kabla ya kupima ncha zote mbili za waya. Bibi tuliyemtaja ndiye mkali zaidi kwa hilo.

Usafi wa paneli nao umepata zamu. Wadudu wadogo wa ziwani wanakuja kwa makundi makubwa, wanafia kwenye kioo, ndege wanawafuata na kuacha kinyesi. Kivuli cha uchafu kwenye kona moja kinapunguza umeme wa paneli nzima kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wa kona hiyo. Kuosha ni alfajiri, kioo kikiwa baridi. Maji baridi juu ya kioo cha saa saba mchana yanaweza kukipasua.

Betri chakavu: kamati imepitisha kwamba betri mpya haitolewi bila ya zamani kurudishwa. Zile za risasi na tindikali zilikuwa zimezagaa nyuma ya nyumba, nyingine watoto wamezivunja wapate risasi ya nyavu. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na udongo ukishaingiwa nayo hausafishiki kirahisi. Zilizokusanywa zimefungiwa kwenye chumba chenye sakafu ya saruji zikisubiri boti ya kwenda kwa mnunuzi wa Mwanza anayezirejeleza.

Oktoba, giza

Akina mama walirudi kwenye kamati na hoja: siku za mbalamwezi maji yanajaa, siku za giza taa zinachukua karibu umeme wote na tangi la pili linachelewa kujaa. Walikuwa wameandika tarehe zote kutoka kwenye vibao vya matangi. Hakuna aliyebisha. Fedha za kukodisha taa zimenunua paneli mbili zaidi, wati 660, zinazotoa uniti 2.3 kwa siku, na sasa pampu ina paneli zake. Paneli hizo zimelipiwa na kijiji bila msaada wa mtu yeyote. Umeme wa ziada wa mbalamwezi umerudi mezani, na friza la barafu la wenye mitumbwi limepata nafasi yake.

Ofisa mmoja aliyetutembelea alituambia kazi yetu ni ndogo ukilinganisha na miradi mikubwa ya kanda: Rwamagana nchini Rwanda yenye megawati 8.5 tangu 2014, Soroti nchini Uganda yenye 10, Garissa nchini Kenya yenye 50, na Kishapu mkoani Shinyanga, awamu ya kwanza megawati 50 kati ya 150. Ni kweli, na ninaifurahia kila moja, maana gridi ikiwa na jua ndani yake inapumua hata mvua zikigoma na mabwawa kushuka. Lakini megawati za Kishapu hazitavuka ziwa mwaka huu kuja kuwasha taa ya mlango wa zahanati yetu. Jirani yetu kisiwani Ukara, kijiji cha Bwisya, kilipata gridi ndogo ya sola mwaka 2016, na watu wa huku walikuwa wakienda kuitazama. Njia zote hizi zinaenda pamoja. Ninachoomba serikalini na kwa wafadhili ni kwamba wakihesabu paneli zilizofungwa, wahesabu pia mafundi waliobaki karibu nazo baada ya miaka mitatu.

Wiki hii wavuvi wa kisiwa jirani wamekuja kuomba taa zetu. Kituo kimejaa, taa 60 ndiyo mwisho wake, na kuwaongezea ni kuwapunguzia wa hapa. Kamati imewajibu hivyo waziwazi. Badala yake mafundi wetu wawili, bibi akiwa mmoja wao, wanavuka Jumatatu kupima paa la ghala lao la dagaa, kuhesabu mitumbwi, na kutafuta mahali pa kulaza waya wa athi. Wamebeba futi kamba, maltimita na nakala ya hesabu ya Mei.